Kadi Mbili, Laini Moja

Digidigi alishikwa na uchungu wa kuzaa, lakini kila Popo mkunga alipompigia daktari kupitia kompyuta ya zahanati, yenye prosesa mbili, yaani bongo mbili za kuchakata kazi, kompyuta iliganda. Nguchiro, fundi mwenye hasira za karibu, akaishika kadi ya mtandao.

"Mbovu hii! Naitupa."

"Ijaribu peke yake kwanza, fundi wangu," Popo akamsihi.

Nguchiro akanung'unika, akachomoa kadi ya pili, ile ya sauti, akaiacha ya mtandao peke yake. Mtandao ukafanya kazi. Akazibadilisha, sauti nayo ikafanya kazi. Akaona haya. Kadi zote zilikuwa nzima, ila ziliita prosesa kwa laini moja, yaani njia moja ya kuombea huduma, prosesa zisijue ziitikie kadi ipi. Akazirudisha zote, kila moja na laini yake.

Daktari Korongo akaitika papo hapo, akaruka kuja. Jioni kitoto cha Digidigi kilikuwa kinanyonya, na Nguchiro alikuwa bado anaiomba kadi ya mtandao radhi.