Kiingereza cha Kuachwa na Mke

Nikodemo alikuwa bafuni, povu kichwani, akiimba kwa Kiingereza kwamba mke wake amemwacha. Mke wake, Ruthu, alikuwa nje ya mlango ameshika taulo.

"Baba Erica, leo unasema nini?"

"Nasema mpenzi wangu ameondoka na treni ya asubuhi, ameniachia chupa na machozi."

"Haya. Basi chai utaandaliwa na hiyo chupa."

Ilikuwa wiki ya tatu. Binti yao Erica ndiye aliyemwambia baba yake kwamba Kiingereza cha vitabuni huyeyuka, cha nyimbo huganda kichwani. Akamjazia simu nyimbo za Kizungu za zamani, zile za magitaa na farasi, na Nikodemo akanunua daftari. Kila alfajiri alisikiliza mstari mmoja, akausimamisha, akauandika, akautafuta kwenye kamusi. Na maneno yaliganda kweli. Shida ni kwamba waimbaji wale walikuwa na jambo moja tu moyoni. Kufikia siku hiyo Nikodemo aliweza, kwa Kiingereza, kuachwa, kulewa, kupanda treni na kusamehe. Hakuwa na neno hata moja la zabibu, na zabibu ndizo zilizomlisha miaka ishirini na saba serikalini.

Misemo nayo ilimtesa. Wimbo mmoja ulisema ugomvi wa zamani ni maji yaliyokwisha kupita chini ya daraja. Aliutafakari siku nne. Madaraja ya Dodoma, miezi minane ya mwaka, chini yake kuna mchanga na mbuzi. Akajiuliza iwapo Mgogo kama yeye hana ruhusa ya kusamehe mpaka mvua zinyeshe.

Lakini ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge. Mwaka jana aliingia katika chumba cha usaili, Kiingereza kikamkimbia chote, akatoka bila kutamka sentensi moja kamili. Aibu ile aliibeba kwa miguu hadi kwake Makole. Mwaka huu aliapa: atazungumza, hata kama ni kwa kulia. Ikimshinda tena, anaandika barua ya kustaafu mapema, anakwenda kulima Hombolo, ambako mizabibu haimdai mtu lugha.

Siku ya usaili alifika ofisini saa moja na nusu. Mlango ulikuwa bado umefungwa, na koridoni kulikuwa na benchi moja refu. Akakaa mwisho wake, suti ikimbana kwapani, daftari magotini. Kando yake alikuwepo binti mwenye bahasha ya kaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Naitwa Anitha. Na wewe umeitwa kwa hii nafasi ya afisa wa zabibu?"

"Hiyo hiyo. Barua ninayo." Akapapasa mfuko wa koti.

"Mwenzio nimekesha nikikariri majibu. Yaani huku nje Watanzania, mle ndani Watanzania, halafu tunahojiana kwa Kiingereza, eti kwa sababu mradi una mfadhili!"

Nikodemo akampenda binti huyo papo hapo. "Kwani huwa yanaanza maswali gani?" akauliza.

Anitha akajiweka sawa. "*Tell us about yourself.* Yaani ujieleze wewe ni nani."

Nikodemo akaliandika. Akaomba alirudie. Kisha akalijaribu mwenyewe, nalo likamtoka na gitaa lake, likipanda na kushuka. Anitha akaziba mdomo.

"Baba, unaliimba! Halafu hilo si lako, wataliuliza wao. Wewe nipe jibu nikusahihishe."

"Jibu halikimbii, mwanangu. Mtu asipolishika swali, jibu atalitoa wapi? Hebu nipe na la pili."

Akampa la pili, na la tatu. Wakayarudia mpaka wengine waliokaa kwenye benchi lile wakaanza kutazamana. Katika jaribio la sita swali la kwanza lilikaa sawa, bila farasi wala treni, na Nikodemo akafurahi hata akatamani kumpigia Ruthu simu.

"Mimi ninachoogopa si maswali," Anitha alinong'ona. "Mle ndani kuna mzee. Rafiki yangu Munira alimkuta mwaka jana. Hacheki kabisa. Unajibu, yeye anakukodolea macho tu, anaandika. Munira anasema lazima yule amesoma Ulaya, Kiingereza chetu kinamtia kichefuchefu."

Nikodemo akainamia daftari. "Ikawaje?"

"Alibabaika, akasahau mpaka jina la chuo chake. Alilia njia nzima hadi Area D."

"Masikini," alisema Nikodemo, na ilimuuma kweli. Akalifunga daftari. "Wewe usimtazame huyo mzee usoni. Tazama ukuta. Zabibu unazijua?"

"Nazijua, baba. Nimezaliwa shambani."

"Basi sema unachokijua, polepole. Mle ndani hakuna mtu anayekushinda."

Mlango ukafunguliwa. Akatokeza Jordan, kijana wa utumishi, na orodha mkononi. Anitha akafumba macho akamwomba Mungu, na Nikodemo naye akafumba yake.

Jordan akawapita wote, akaja kusimama mbele ya Nikodemo.

"Shikamoo, mwenyekiti! Kumbe uko huku? Wajumbe wa jopo wameshakaa, wanakusubiri wewe tu. Wanauliza, mwaka huu na wewe utauliza maswali, au utatazama tu kama mwaka jana?"