Ukelele wa Zimwi la Anga

Ukelele ulipotoka kwenye spika, fundi sauti mstaafu, ambaye tangu ujanani watu humwita Masikio, alitabasamu kama mtu anayesikia wimbo wa harusi yake.

"Ndio huo. Kanda halisi, haijaguswa."

Mwalimu wa filamu akasogeza kiti. Kitabu chake kilikuwa kinakwenda kwa mchapaji kesho, na sura moja bado ilikuwa na pengo. Ile sauti ya zimwi kutoka sayari nyingine, iliyowatoa watu wazima mbio ukumbini wakaacha viatu, ilitoka wapi? Miaka thelathini kila filamu ya kutisha inaiiga. Watoto mtaani huitana kwayo. Hata mlio wa simu ya jirani yake ni huo huo.

Aliyeiongoza filamu ni baba yake mzazi, naye hakuwa na msaada. Mwaka juzi alisema aliiota. Mwaka jana ikawa fisi aliyechanganywa na breki za treni. Juzi alipobanwa sana, alikumbuka ghafla kwamba ana miadi.

"Mzee wangu, niambie wewe. Nani alilia hivi?"

Masikio akamtupia jicho mama wa mwalimu, aliyekuwa kando akimenya chungwa.

"Mwambie tu," mama akasema. "Nimechoka kumfichia."

Masikio akakohoa. "Tulikuwa hospitali, wodi ya wazazi. Mama yako yuko ndani, uchungu umemshika. Baba yako hataki kupoteza siku ya kazi, kanileta na mashine nirekodi magurudumu ya vitanda. Mara mlango ukafunguka, na huo ukelele! Mashine nusura initoke mikononi."

Macho ya mwalimu yakalengwa na machozi. Kumbe dunia nzima imekuwa ikitetemeshwa na uchungu wa mama yake, na sifa anakula baba!

"Pole, mama. Jina lako nitaliweka ukurasa wa kwanza."

"La nini?" Mama akatema kokwa. "Mimi nilitulia kama maji mtungini. Huyo ni baba yako. Nesi alichungulia tu mlangoni akamwambia, 'Hongera, wawili wako salama. Ila usiondoke, wa tatu yuko njiani.'"