Machozi ya Kujiliza

"Acha," wifi alisema. "Huko si kulia. Huko ni kujiliza."

Mjane akashusha kitambaa. Macho makavu kama kifuu.

Kitandani kati yao, marehemu alikuwa amefunikwa shuka kuanzia visigino hadi utosi. Mjane alirudi kutoka sokoni asubuhi akamkuta hivyo. Wifi, aliyeketi kando, alimwambia kwamba mumewe amefia usingizini, na asimguse.

Wifi alikuwa mwalimu wa lugha, na hata msibani hakuacha chaki nyumbani. Akamfafanulia: kulia huja kwenyewe, ukimfanya mwenzako alie, umemliza, ila anayetanguliza hiyo "ji" hana wa kumliza, anajikamua mwenyewe kama limau lililokauka. Waliolibuni neno hilo, akasema, walikuwa na majirani wa aina yake.

Na wakati haukuwepo. Ukuta aliojenga marehemu kwa mchanga mwingi na saruji ya kuonjesha ulikuwa umewaangukia wapita njia. Askari waliokuja kumkamata jana wakamkosa walikuwa wamepelekewa habari za msiba, na sasa walikuwa wanarudi kuhakikisha kwamba amekufa kweli. Wakimkuta mke hana hata chozi, wifi alionya, watasema kamuua yeye, na jela atakwenda yeye.

Mjane akajaribu tena. Akakumbuka mazishi ya mama yake. Akajifinya paja. Akaikumbuka ndoa yake, na hiyo ndiyo ikaharibu kila kitu: kidogo apige mluzi.

"Nisamehe, wifi. Hayatoki."

"Yatatokaje, na moyo wenyewe kokoto? Umelala na ndugu yangu miaka yote hiyo, hata tone?"

"Labda nikate kitunguu."

Wifi akasonya. Mwanamke gani huyu, akasema, hata unafiki unamshinda.

Gari likasimama nje. Milango ikabamizwa. Wifi akachungulia dirishani, akageuka, midomo imempauka.

Shuka likasogea.

"Si ulisema tusimwambie, dada, ili alie kweli?" likanong'ona. "Haya, hayo machozi yako wapi?"

Mjane akalikodolea macho. Likapumua.

Askari walipoingia, walimkuta akigaragara sakafuni, machozi na kamasi vimechanganyika, akilia kilio kisichofundishika. Wakavua kofia, wakampa wifi pole, wakaondoka bila hata kumfunua marehemu.