Nundu ya Evelina

Mama mkaguzi wa mashindano aliizunguka pikipiki mara mbili, kisha akagonga nundu mgongoni mwa Evelina: nusu ya dumu tupu la mafuta ya kula, alilolifunga kwa mbeleko ili upepo upite juu yake bila kumvuta nyuma.

"Binti, mabawa na vikata upepo ni marufuku kwenye pikipiki."

"Shikamoo, mama. Kwenye pikipiki hakuna kitu. Hili nimelibeba mimi."

Mkaguzi akaisoma karatasi ya kanuni kwa kidole, mstari kwa mstari. Jasho likamtiririka Evelina chini ya dumu. Mwaka jana walimtoa hapahapa, kwa kiplastiki cha kukata upepo kisichozidi kiganja.

"Mbeleko haijatajwa. Nigeukie."

Evelina akamgeukia, akashusha pumzi. Mkaguzi akalifungua fundo kifuani, akalifunga upya na kulikaza.

"Ulivyofunga hivi, mtoto angedondoka hata kijiji cha Kiberege hujafika."