Hodi ya Makame

"Hodi!" alisema Makame, kijana fundi wa kompyuta, naye keshaingia.

"We mtoto, hodi yako haingoji karibu!" Bi Mkasi alimkemea. Alikuwa kipofu, na mashine yake ya kusomea nukta nundu, maandishi ya kupapasa, ilikuwa bubu tangu abadilishiwe kompyuta. Hadithi aliyokuwa akiisoma ilikwamia katikati.

Makame aliduwaa. Kumbe ndiyo kasoro aliyoisaka wiki nzima ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta hiyo: kiendeshi, ile programu ya kuisemesha mashine, kilianza kuisemesha kabla haijaitika. Akaketi, akaandika mstari mmoja wa kukifundisha kungoja.

Nukta zikainuka chini ya vidole. Bi Mkasi akaendelea kusoma.

Makame akatoka polepole, akaurudishia mlango.

"Hodi," akasema, akasimama nje kungoja.

Ndani zilisikika nukta tu, zikipanda na kushuka.