Mpira Mwembamba

Siku mume wangu aliposhuka bwawani kupiga picha nyufa za ukuta, kamera ilielea juu peke yake. Yeye tulimpata siku ya tatu.

Sasa kazi ile amepewa binti yetu. Kasha la kamera halifungi sawasawa, maana mpira wake wa kuzuia maji umekauka. Akanituma nao kwa fundi nitafute mwingine.

"Mama, mpira huu umenizidi umri," fundi alinitania. Akaweka mipya miwili kwenye kaunta. "Huu mnene ndio wenyewe. Mwembamba utakaa, lakini maji yatapenya, kamera itakufa."

"Kamera tu?"

"Kamera tu, mama."

Bila kamera hakuna kazi. Nikachukua mwembamba.

Nyumbani binti yangu aliupaka mafuta, akafumba macho, akauzungusha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, kama baba yake alivyokuwa akitafuta unywele au chembe ya mchanga. Haukumaliza hata nusu ya mzunguko, vidole vikasimama.

"Mama, huu sio."

"Fundi ndiye aliyenipa."

"Yule fundi hawezi kukosea hivi."

Nikainamisha kichwa. Nilidhani atanigombeza. Akanishika bega tu, akasema, "Hata mimi naogopa, mama."

Kisha akavaa viatu, akaenda dukani mwenyewe.

Mpira mnene umekaa barabara. Jumatatu, saa moja asubuhi, anashuka bwawani.