Mgeni Asiyepewa Ugali

Ezra alikuwa amejiandaa kudanganya. Tangu ashuke kwenye bodaboda hapa Turwa alikuwa akiurudia uongo wake kichwani: "Bibi, tumbo limenichafuka, nisamehe, leo siwezi kula." Kwao mgeni hakatai sahani hivihivi, hasa sahani ya mwanamke mzee. Lakini kesho asubuhi mizani ilikuwa inamngoja, na mizani haijui adabu.

Jua lilianza kushuka, na sahani haikuja.

Akakaa kwenye kigoda nje ya jiko, akainuka, akakaa tena. Kwenye ngumi za ridhaa, miaka yote aliyoipigania wilaya, ukizidi kidogo walikupandisha uzito mwingine na maisha yakaendelea. Ngumi za kulipwa hazina huruma hiyo. Hili lilikuwa pambano lake la kwanza la kulipwa, uzito wa kati, kilo sabini na mbili na nusu. Akizidi, anarudi Susuni kuchunga ng'ombe wa baba yake, na mpinzani wake Waitara, kijana anayejifua kule machimboni Nyamongo, anatafutiwa mtu mwingine. Picha zao wawili, wamekunja ngumi, zilibandikwa mji mzima, mpaka kwenye mlango wa mashine ya kusaga.

Kocha Magige alibaki nyuma kufuatilia leseni. "Fikia Turwa kwa shangazi yangu, Bibi Boke," alimwelekeza. "Uliza tu, wanamjua." Ezra akauliza. Mwenye bodaboda hakufikiri hata kidogo, akamshusha penye ua wa minyaa.

"Hodi kwa Bibi Boke!"

"Karibu, mura, kijana wangu."

Alimkuta bibi mwembamba akichekecha unga uliotoka kusagwa. Hakumuuliza ametoka wapi, maana mgeni hahojiwi mlangoni. Alizitazama glovu zilizoning'inia begini, akamtazama usoni, kisha akaendelea kuchekecha. Alipomaliza akamwonyesha chumba.

"Lala hapa. Mwenye chumba yuko kwa mjomba wake."

Nyuma ya mlango lilitundikwa koti zito la mvua, makwapa yake meupe kwa chumvi ya jasho. Bibi akaweka kopo tupu kando ya kitanda. "La kutemea mate," akasema, akatoka.

Basi. Si uji, si hata kipande cha muhogo.

Mwanzoni Ezra alimshukuru Mungu. Halafu harufu ya ugali na dagaa ikaanza kutoka jikoni, mate yakamjaa. Siku nzima hakuwa ametia kitu mdomoni, hata maji. Mara harufu ikakatika. Alipochungulia, akamwona bibi anapita uani na sufuria ameifunika kwa kanga, anaipeleka kwa jirani.

Anaficha chakula! Ezra hakuamini macho yake. Uongo wake wote akausahau. Alizaliwa katika nyumba ambamo mama alikuwa tayari kulala njaa ili mgeni ashibe.

Kutoka upande wa pili wa minyaa ikasikika sauti ya yule jirani. "Boke! Mgeni unamlaza na njaa? Tangu lini? Kesho Turwa nzima itasema wewe mchoyo!"

"Acha iseme, Wegesa. Wewe nitunzie sufuria yangu."

Bibi aliporudi, Ezra alikuwa amesimama njiani. Mizani, mkataba, Waitara, vyote vilikuwa mbali. Tumbo ndilo lililosema.

"Bibi, hakuna hata kiporo?"

"Hakuna."

"Hata maziwa? Ng'ombe si yule pale?"

"Ndama amenyonya yote."

Ng'ombe alikuwa amesimama palepale, chuchu zimejaa. Bibi hakumtazama Ezra machoni. Aliinama akafunga upya kanga yake, ingawa haikuwa imelegea.

"Kalale, mura. Njaa ya usiku mmoja haiui mtu."

Asubuhi sufuria ya uji wa ulezi ilikuwa inachemka jikoni. Ezra hakukaribishwa. Akaaga kwa nusu ya mdomo, akabeba glovu zake, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Ukumbini alipanda mizani amefumba macho. Namba zikacheza, zikatulia.

"Sabini na mbili na nusu," akasema mpimaji. "Nukta moja tu ingekuponza, kijana. Shuka. Waitara, panda."

Kocha Magige aliingia anahema, amekumbatia bahasha ya leseni. "Umepita? Mungu mkubwa! Ulilala wapi wewe? Simu umezima! Shangazi alikungoja mpaka akakata tamaa. Alichinja jogoo, mura! Ugali mlima mzima, na ninavyomjua, asingekuachia mpaka ulambe sahani."

"Nimelala kwa huyo shangazi yako," Ezra akajibu kwa uchungu. "Jogoo sikumwona hata unyoya."

"Kwa shangazi yupi?"

"Si Bibi Boke? Penye ua wa minyaa."

"Shangazi hana minyaa. Ana geti la bati." Kocha akajikuna kichwa. "Lakini Turwa hii ina Boke wangapi!"

Waitara alishuka kwenye mizani, midomo imekauka kama ya Ezra kwa kutema mate ili uzito upungue, naye amepita. Akatazama mlangoni, na uso wake mkali ukalainika kama wa mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Bibi Boke akaingia taratibu na kikapu chake. Akatoa chupa ya uji, akatoa vikombe viwili. Akajaza cha kwanza mpaka ukingoni, na Waitara akanyoosha mkono kukipokea.

"Ngoja, mjukuu wangu," akasema, akimpita na kwenda aliposimama Ezra. "Mgeni kwanza."